Viungo Vinauma na Daktari Anasema "Bado": Kwa Nini Jina la Ugonjwa Huchelewa, na Ufanye Nini Wakati Unasubiri

Mtu anaumwa vidole na magoti kwa miezi miwili. Zahanati ya kwanza inamwambia ni taifodi na kumpa dawa. Kwenye duka la dawa la mtaani anaambiwa uteute wa magoti umekauka, ale bamia kwa wingi. Maabara ya binafsi inamtolea karatasi yenye neno "RF" na alama ya kujumlisha, na jirani anayejua mambo ya hospitali anamwambia basi hiyo ni baridi yabisi, ajiandae kuishi nayo. Mwishowe anafika hospitali ya rufaa. Daktari anamshika kiungo kimoja kimoja, anasoma karatasi zote, kisha anasema: "Kwa leo siwezi kukwambia kwa uhakika ni nini. Rudi baada ya wiki sita."

Wengi wakipewa jibu hilo hutoka wakiwa na hasira. Wanahesabu nauli na siku nzima ya foleni, wanaona wametupa pesa. Mimi nasema kinyume: katika majibu yote manne, hilo la "bado" ndilo lenye uangalifu kuliko mengine. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekaa na mgonjwa kumweleza linamaanisha nini, wala afanye nini katika hizo wiki sita. Na wiki hizo zina uzito. Zikitumika vizuri, daktari atapata jibu mapema. Zikitumika vibaya, dalili zitafichwa na dawa, na kiungo kinaweza kuharibika kimyakimya.

Tuelewane kwanza kwa maneno

Kiungo ni pale mfupa mmoja unapokutana na mwingine. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloifanya iteleze. Viungo vingi vya mwili vimezungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko huo kuna utando mwembamba unaotoa uteute. Nje ya mfuko ndiko kuliko na kano na misuli. Maumivu yanaweza kuanzia kwenye utando, kwenye mfupa, kwenye kano, kwenye misuli, au hata kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni huku mtu akiyasikia kwenye goti. Kwa hiyo "naumwa goti" ni malalamiko, bado si ugonjwa.

Magonjwa ya viungo yanapita aina 100. Mitaani karibu yote huitwa baridi yabisi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Katika makala haya nitatumia majina matatu kwa maana tatu tofauti. Yabisi ya kuchakaa ni ile ambayo gegedu na kiungo kizima vinaharibika polepole kwa miaka, hasa magotini, nyongani na vidoleni. Baridi yabisi ni ile ambayo kinga ya mwili inashambulia utando wa kiungo, mara nyingi ikianzia kwenye viungo vidogo vya vidole vya mikono na miguu, upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Jongo, ambalo wengine huita gauti, ni chembechembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya kiungo na kukiwasha moto ghafla, mara nyingi usiku, na mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na yabisi ya kuchakaa, na watu milioni 18 na baridi yabisi. Kwa maneno mengine, ile inayotisha zaidi vijiweni ndiyo ya nadra zaidi. Kati ya kila wagonjwa kumi wa baridi yabisi, takriban saba ni wanawake.

Kwa nini daktari hasemi siku ya kwanza

Mkulima wa mpunga anaijua shida hii. Mpunga mwitu ukiwa mche haujitofautishi na mpunga wa kweli. Ukiutazama mapema mno unaweza kung'oa ulichopanda na kuacha gugu. Ukisogea umri, tofauti inajionyesha yenyewe. Magonjwa ya viungo nayo yanafanana sana katika wiki za mwanzo: uvimbe, joto, kukakamaa, uchovu. Muda ni sehemu ya kipimo.

Chukua chikungunya. Virusi hivi viligunduliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika, na vimerudi pwani yetu mara kadhaa: Lamu mwaka 2004, Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Mgonjwa hupata homa kali ya siku chache, halafu viungo vya mikono na miguu vinamuuma pande zote mbili, na kwa baadhi maumivu hayo hukaa miezi. Ukimtazama wiki ya tatu unaweza kuapa kwamba ni baridi yabisi. Wapo wanaoumwa viungo baada ya kuharisha au baada ya ugonjwa wa zinaa, kwa sababu kinga iliyokuwa ikipambana na vijidudu hugeukia viungo. Ipo brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi na kwa kushika mifugo inayotupa mimba, na huuma mgongo, nyonga na magoti pamoja na homa za kuja na kwenda. Ipo kifua kikuu cha mfupa. Ipo lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, ambayo huja na viungo kuuma, vidonda mdomoni, nywele kukatika na vipele usoni. Kwa mtoto kuna homa ya baridi yabisi, ambayo licha ya jina lake ni ugonjwa tofauti na baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo: leo goti, kesho kifundo cha mguu, na hatari yake kubwa haiko kwenye viungo, iko kwenye vali za moyo. Na kwa mwenye selimundu, maumivu ya mifupa na viungo yana maelezo yake kabisa.

Nyingi kati ya yabisi zinazotokana na virusi hupoa ndani ya wiki chache. Hapo ndipo wiki sita zinapopata maana: katika vigezo vya kimataifa vya kuitambua baridi yabisi vilivyotolewa mwaka 2010, kudumu kwa dalili wiki sita au zaidi ni moja ya mambo yanayopewa alama. Daktari anayekwambia urudi baada ya muda huo hajakufukuza. Anataka kuona kama kiungo kitapoa chenyewe, kitabaki vilevile, au kitaita vingine.

Hata baada ya muda huo kuna wagonjwa ambao kiungo kimevimba kweli, vipimo vimefanyika, na bado hakuna jina linalowakaa. Madaktari wana jina la hali hii pia: yabisi ambayo bado haijajipambanua. Baadhi yao hupona bila ugonjwa kupata jina, na wengine huja kuwa na baridi yabisi au ugonjwa mwingine unaoeleweka. Ni hali inayotambulika kabisa, na ina namna yake ya kufuatiliwa.

Lakini kusubiri kuna mpaka. Baridi yabisi ikithibitika, dawa zinazoituliza hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, katika miezi michache ya kwanza, kabla mfupa haujaanza kuliwa. Kwa hiyo mtu mwenye viungo vilivyovimba (si kuuma tu, kuvimba) kwa zaidi ya wiki sita, aliyeambiwa "endelea na dawa ya maumivu" bila tarehe ya kurudi, anayo haki ya kuomba rufaa. Madaktari bingwa wa fani hii ni wachache sana Afrika Mashariki. Mahali pasipo na bingwa wa viungo, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ndiye wa kumwomba.

Karatasi ya maabara haikupi jina la ugonjwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumizwa.

RF ni kingamwili, yaani protini inayotengenezwa na kinga ya mwili, inayoonekana kwenye damu ya takriban watu saba hadi wanane kati ya kumi wenye baridi yabisi. Ikisemwa hivyo tu, inaonekana ni kipimo kizuri. Ila inaonekana pia kwa takriban watu watano kati ya 100 wasio na tatizo lolote, zaidi kwa wazee, na kwa wenye maambukizi ya muda mrefu kama kifua kikuu na homa ya ini. Sasa tupige hesabu. Tuchukue watu 1,000 barabarani, na tuseme watano kati yao wana baridi yabisi. Tukiwapima wote, kwa wale watano kipimo kitawaka kwa watatu au wanne. Kwa wale 995 waliobaki, kitawaka kwa karibu 50. Tuna karatasi zaidi ya 50 zenye alama ya kujumlisha, na wagonjwa wa kweli hawafiki watano. Ndiyo maana kipimo hiki kina faida pale tu daktari ameshakuta viungo vilivyovimba vinavyofanana na ugonjwa. Kumpima kila anayeumwa mgongo ni kuzalisha hofu. Na upande wa pili: karatasi ikitoka safi, haimfutii mtu baridi yabisi, kwa kuwa wagonjwa wawili au watatu kati ya kumi hawana RF.

Kipo kipimo kingine, anti-CCP, ambacho kikiwaka huwa kinaaminika zaidi kwamba ni baridi yabisi. Ni ghali zaidi na hakipatikani kila maabara. Kama fedha ni ya kipimo kimoja, muulize daktari kipi kitabadilisha uamuzi wake. Vifurushi vya "vipimo vyote vya viungo" vinavyouzwa kwa bei ya jumla mimi sivipendi. Kadiri unavyopima vitu vingi bila sababu, ndivyo uwezekano wa kitu kimoja kuwaka bure unavyoongezeka.

Asidi ya yuriki nayo imewapa watu wengi ugonjwa wasiokuwa nao. Watu wengi wenye asidi iliyopanda hawapati jongo maishani mwao. Na mtu aliye katikati ya shambulio la jongo anaweza kupimwa asidi ikawa ya kawaida kabisa siku hiyo. Jongo huthibitishwa kwa kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kuziona chembechembe kwa darubini. Pasipo na darubini hiyo, daktari hutegemea jinsi shambulio lilivyokuja na kuondoka. Jongo kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni nadra. Kwa hiyo mama wa miaka 32 anayeumwa vidole vyote vya mikono, aliyekatazwa nyama, maharage na dagaa kwa sababu ya karatasi ya yuriki, ana kila sababu ya kuomba aangaliwe upya.

Kipimo cha ASO huonyesha kwamba mwili uliwahi kupambana na bakteria wa koo. Kwa mtoto mwenye homa na viungo vinavyohama kina maana. Kwa mtu mzima mwenye goti la miaka mitatu, hakimwambii kitu. Kile kipimo cha taifodi cha Widal hakiaminiki hata kwa taifodi yenyewe, achilia mbali kueleza viungo vilivyouma kwa miezi. ESR na CRP, vipimo vingine vya damu, huonyesha kwamba kuna moto wa uvimbe mwilini. Hazisemi moto huo uko wapi wala umewashwa na nini.

Halafu picha ya eksirei. Mtu anaambiwa "mifupa imesagika" na kuanzia siku hiyo anatembea kama kwamba goti litavunjika. Wapo watu wenye picha mbaya ambao hawaumwi, na wapo wanaoumwa sana wenye picha nzuri. Katika baridi yabisi ya mwanzo picha mara nyingi huwa safi kabisa. Picha ni shahidi mmoja kati ya wengi.

Kinachobeba uzito mkubwa kuliko haya yote ni maelezo yako na mikono ya daktari.

Dalili ambazo hazina kusubiri

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, huwezi kukikunja wala kukikanyagia, hasa ukiwa na homa au kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kuna usaha ndani, na usaha unaweza kukiharibu kiungo moja kwa moja ndani ya siku chache. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari, mwenye selimundu, mwenye kinga dhaifu na mtoto mdogo. Usikande, usisugue dawa, usisubiri kliniki ya Jumatatu.

Mtoto anayechechemea akiwa na homa naye ni wa siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo jicho jekundu linalouma pamoja na viungo, miguu kufa ganzi huku ukishindwa kuzuia haja, na kiungo kilichovimba baada ya kuanguka.

Unachokiandika kitamsaidia daktari kuliko unavyodhani

Moja ya mambo yanayotenganisha magonjwa haya ni saa za asubuhi. Katika yabisi ya kuchakaa, mtu huamka amekakamaa lakini hulainika ndani ya nusu saa, halafu maumivu hupanda kadiri anavyotumia kiungo, jioni ikiwa mbaya zaidi. Katika baridi yabisi kukakamaa huchukua saa nzima au zaidi. Mtu hawezi kufunga kifungo, kushika mswaki wala kufungua kopo, kisha adhuhuri anakuwa afadhali. Maumivu ya mgongo yanayomwamsha kijana usiku wa manane na kutulia akitembea ni habari nyingine tena, na daktari anapaswa kuisikia.

Ugumu ni kwamba kliniki nyingi humwona mgonjwa saa sita au saa saba mchana, uvimbe ukiwa umeshashuka. Kwa hiyo piga picha. Simu yoyote inatosha: mikono yote miwili juu ya kitambaa chenye rangi moja, kwenye mwanga wa dirisha, asubuhi. Andika tarehe, viungo vilivyouma, ulichukua muda gani kulainika, na dawa uliyomeza. Andika pia yale yanayoonekana hayahusiani: homa, kuharisha, vidonda mdomoni, ngozi yenye magamba, jicho jekundu, maumivu wakati wa kukojoa, kupungua uzito. Hilo la magonjwa ya zinaa watu hulificha kwa aibu, na mara nyingine ndilo linaloshika ufunguo wa ugonjwa wote. Mwambie daktari mkiwa wawili.

Dawa za kipindi cha kusubiri

Parasetamoli ni ya kuanzia kwa wengi. Kikomo cha mtu mzima ni gramu nne kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na chini ya hapo kwa mwenye uzito mdogo, mwenye ini bovu au mnywaji. Kumbuka dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake.

Ibuprofeni, diklofenaki, meloksikamu na ndugu zake hutuliza uvimbe vizuri zaidi, lakini zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo, presha isiyotulia au ujauzito asizimeze bila kuongea na daktari. Chukua aina moja tu kwa wakati mmoja, ukiwa umekula, kwa siku chache. Kwa aliyefunga Ramadhani, ni baada ya futari au daku. Wapo wanaomeza diklofenaki, wakachomwa sindano ya diklofenaki, wakaongeza ibuprofeni kwa sababu majina ni tofauti: hiyo ni sumu kwa tumbo na figo. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami au mkojo ukipungua, acha na uende hospitali. Jeli ya diklofenaki ya kupaka inawafaa wengi wenye magoti na vidole, na madhara yake kwa tumbo ni madogo.

Kuna hali moja ya kwetu inayohitaji tahadhari. Ukiwa na homa mpya pamoja na viungo kuuma, katika kipindi cha dengi, tumia parasetamoli peke yake hadi upimwe, kwa sababu hizi nyingine pamoja na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na dalili za mwanzo hazitofautiani na za chikungunya.

Sasa steroidi, dawa zenye nguvu ya kuzima uvimbe haraka. Prednisoloni na deksamethasoni zinauzwa madukani kirahisi kupita kiasi, na nguvu yake ndiyo inayodanganya. Mtu anameza vidonge viwili jioni, kesho anatembea kama kijana. Anasifu, anarudi kununua. Miezi sita baadaye uso umevimba, sukari imepanda, mifupa imepungua nguvu, na mwili umesahau kutengeneza homoni yake, hata kuziacha ghafla kunaweza kumlaza chini. Kwa mtu anayesubiri jina la ugonjwa kuna hasara ya pili: zinafuta uvimbe ambao daktari alihitaji kuuona, na kama ndani kuna usaha au kifua kikuu, zinafungulia mlango. Steroidi ina nafasi yake, mikononi mwa daktari anayejua anatibu nini. Kuna pia dawa za unga na chupa zinazoitwa za asili ambazo hukutwa zimechanganywa na steroidi au dawa za maumivu za dukani. Dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu ya miaka kwa usiku mmoja, iogope. Kama umeshatumia kwa muda, usiache siku moja, mwambie daktari ulichomeza, hata kama unaona haya.

Bamia, baridi na uzee

Bamia ni mboga nzuri na sina ugomvi nayo. Ila utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hakuna njia inayoupeleka gotini. Na dhana yenyewe ya uteute kukauka haiendani na kinachoonekana: goti lenye uvimbe mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, na ndiyo maana daktari wakati mwingine huyavuta kwa sindano. Kinachouma ni utando uliowaka, mfupa uliolemewa na misuli iliyolegea.

Baridi ya Njombe, ya Limuru au ya kulala sakafuni inaweza kuongeza maumivu kwa mtu ambaye tayari ana tatizo. Haianzishi ugonjwa. Wakazi wa Tanga na Lamu, wanaotoka jasho mwaka mzima, wanaugua magonjwa haya haya. Kama joto linakupa nafuu, jifunike, hakuna ubaya.

Na lile la "ni uzee tu, bibi" limewafungia wengi mlango. Umri huongeza yabisi ya kuchakaa, lakini bibi wa miaka 70 anaweza kuanza baridi yabisi au jongo kama mtu mwingine yeyote, na hata yabisi ya kuchakaa ina tiba ya kupunguza maumivu. Upande wa pili, mtoto wa miaka mitano naye huugua viungo.

Mwili utembee

Ushauri wa kulala hadi maumivu yaishe unaharibu. Kiungo cha moto kilichovimba, daktari akishaona kwamba hakina usaha, kipumzishwe siku chache, kikandwe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika kumi hadi kumi na tano. Baada ya hapo kinahitaji kutikiswa. Kukakamaa kwa asubuhi hulainishwa na maji ya uvuguvugu: tumbukiza mikono kwenye beseni, funga na kufungua vidole polepole. Kwa goti, kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, uhesabu hadi tano, shusha. Mara kumi kila mguu, kutwa mara mbili au tatu. Misuli ya paja ikipata nguvu inabeba mzigo ambao goti lilikuwa linabeba peke yake. Kama maumivu yamezidi na yamekaa hadi kesho yake, umefanya zaidi ya kiasi, punguza, usiache. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo moja anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Nyumba zetu zina kazi nyingi za chini, na hapo kuna nafasi kubwa ya kujisaidia bila gharama. Badala ya ndoo ya lita 20, madumu mawili ya lita tano kwa safari mbili. Ufagio uwe na mpini mrefu. Mbuzi ya kukunia nazi inawekwa juu ya meza, au kijana wa nyumbani akune. Kuchuchumaa chooni ni adhabu kwa goti bovu. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kinachokaa juu ya choo cha shimo. Anayeswali na goti halikunjiki ameruhusiwa kuswali akiwa ameketi, na dini imeliweka wazi hilo, kwa hiyo asijitese kwa kuona aibu msikitini. Fimbo ya kutembelea ishikwe mkono wa upande wa goti zima. Wengi huishika upande unaouma na haiwasaidii inavyopaswa.

Kwa wanaoishi na mgonjwa

Maumivu haya yana tabia inayowakosanisha watu. Mama ameshindwa kuinuka saa moja asubuhi kuwaandalia watoto chai. Saa nane mchana anaonekana sokoni akitembea. Mume au wakwe wanaona uvivu. Mwajiri anaona visingizio. Lakini hivyo ndivyo magonjwa ya utando yanavyokwenda, yana saa zake, na uchovu unaokuja nayo ni wa mwili mzima, kama wa mtu mwenye homa. Kwa kuwa daktari naye hajatoa jina, mgonjwa hana hata karatasi ya kujitetea. Mwamini. Nenda naye kliniki ukamwone daktari anavyobonyeza vile viungo. Msaada wa kumfulia nguo nzito kwa wiki hizi chache unaweza kuwa na thamani kuliko dawa utakayomnunulia. Na kama amekosa usingizi wiki kwa wiki au amekata tamaa, hilo nalo lisemwe kwa daktari, maana usingizi mbovu huzidisha maumivu.

Siku ya kurudi, nenda na picha, na daftari, na dawa zote ulizotumia ndani ya mfuko mmoja, hata zile za kienyeji. Daktari akikupa jina, uliza dawa yake inamezwaje, kwa sababu methotreksati, dawa kuu ya baridi yabisi, humezwa mara moja kwa wiki, na kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Pia haifai kabisa kwa mjamzito au anayepanga kushika mimba. Akisema tena "bado", usiondoke kabla hujajibiwa mambo matatu: ni magonjwa gani ameshayaondoa kwenye orodha, kipimo au badiliko gani analisubiri, na dalili ipi ikitokea urudi kabla ya tarehe aliyokuandikia.